Mwanafunzi hataki kusoma? Anza kwa kumpa swali analoliweza

Walimu wenzangu habari za kazi. Mi nafundisha hesabu shule moja ya kata huku Mwanza, pembezoni mwa Ziwa Victoria upande wa Ilemela, ukisimama mlangoni kwa darasa la kidato cha pili unaiona mitumbwi imefungwa ufukweni na upepo ukigeuka harufu ya dagaa inakufuata mpaka ubaoni. Huu ni mwaka wangu wa 11. Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa la watoto 80 na kitu, na katika hao wapo kama kumi na tano hivi wanaokuja, wanakaa nyuma, hawaandiki, hawaulizi, ukiwauliza wanaangalia chini, na umeshajaribu kuwasema, kuwabembeleza, kuita wazazi, mpaka umechoka. Najua ile hali ya kutoka kipindini umebeba chaki na hasira.

Kuna jambo moja naomba ulishike kabla ya mengine yote. Wengi wetu tunaamini mtoto akishapata hamu ndo atafanya vizuri, kwa hiyo tunaanza na maneno, someni wanangu, elimu ni ufunguo wa maisha, mtakuja kujuta. Nimeyasema hayo mstarini na darasani miaka mingi na sikumbuki mtoto hata mmoja aliyebadilika kwa sababu yake. Nilichokiona mimi kinakwenda kinyume, mtoto anaanza kuweza kitu, hata kidogo, anajiona ameweza, afu hamu inakuja nyuma yake. Nani anapenda kitu kinachomuaibisha kila siku saa nne asubuhi mbele ya wenzake? Yule mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977 aliandika kuhusu imani ya mtu kwamba "hili naliweza", akaeleza kuwa chanzo chake chenye nguvu kuliko vingine ni mtu mwenyewe kuwahi kufanikiwa, kuhimizwa kwa mdomo kuko chini yake sana. Mi nilikuja kuyasoma hayo baadaye, watoto walikuwa wameshanifundisha.

Kwa hiyo kila kipindi kipange kiwe na sehemu moja ambapo yule wa nyuma kabisa ataweza kitu cha kweli. Na nasisitiza cha kweli, maana ukimpa cha kumdanganya anajua, watoto hawa sio wajinga.

Jua kwanza kwa nini hataki

"Ni mvivu" sio jibu, ni namna ya kufunga mjadala. Chukua daftari dogo, andika majina ya wale wanaokusumbua, usizidi kumi, na kwa wiki mbili tatu kila siku andika vitu vichache tu: amekuja au hajaja, kafika saa ngapi, kasinzia au hapana, kaandika au hapana, na ukimuuliza alijibu kwa lugha gani. Usiandike maoni yako, andika ulichokiona.

Mimi daftari hilo lilinifungua macho. Nilikuwa na wavulana watano ambao kwenye rejista tulishawaandika watoro sugu. Siku moja nikachukua rejista ya miezi mitatu nikaiweka pembeni ya kalenda ile yenye alama za mwezi, na nikaona utoro wao unapanda na kushuka pamoja na mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri pale mwezi usipokuwepo, kwa hiyo wakati wa giza mitumbwi inaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, ikifika mbalamwezi wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Watoto wangu walikuwa wanalala darasani wiki za giza na wanakuja wachangamfu wiki za mbalamwezi, na sisi ofisini tunasema watoto hawa hawaeleweki, leo wako hivi kesho vile! Wasichana nao ilikuwa hivohivo, asubuhi za giza wako kwenye vichanja na mama zao wanaanika dagaa, wanafika shule saa tatu, wanakuta adhabu ya kuchelewa getini, wanaingia darasani kipindi cha tatu magoti yana vumbi, afu mimi nawauliza kwa nini hawaelewi aljebra.

Sikuweza kuondoa giza. Ila niliweza kuhamisha tesiti zangu zote kwenye wiki za mbalamwezi, na wiki za giza nikaacha kuanzisha mada mpya nikafanya marudio na mazoezi. Pia nikawa na kitu tunakiita ukurasa wa waliokosa, kila siku mwanafunzi mmoja kwa zamu anaandika karatasi moja, leo tumesoma nini, mfano mmoja uliofanyika, swali moja la kufanya, inabandikwa nyuma ya mlango. Aliyekosa Jumatatu akija Jumatano anajua aanzie wapi. Mtoto anayerudi akakuta darasa limemuacha mara tatu, mara ya nne haji.

Na nilikwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Nilienda na mwalimu wa malezi, tukaongea na viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, na mtendaji, kwa heshima, salamu ya Kisukuma "mwangaluka" kwanza na habari za ziwa, ndo baadaye tukasema shida yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi usiku, na wao wanaijua, lakini ukifika na sheria mkononi kama polisi milango inafungwa, ukifika na majina ya watoto watano na maendeleo yao darasani wanasikiliza. Wawili walitolewa kwenye mitumbwi. Watatu hapana, wakati ule.

Sio wote ni giza na dagaa. Wengine hawaoni ubao, nilikuwa na binti aliyekuwa ananakili kila kitu kwa jirani yake mwaka mzima tukamuita mvivu wa kufikiri, kumhamishia dawati la mbele na kumpeleka kupima macho ilichukua wiki moja tu. Wengine wana njaa, ratiba ikikuruhusu weka mada ngumu kabla ya saa tano, baada ya hapo mtoto ambaye hajala tangu jana jioni unaongea na ukuta. Na ukiona mtoto amebadilika ghafla, ameanza kujificha, anaogopa kurudi nyumbani au ana pesa ambazo haziendani na maisha yao, hilo sio suala la motisha tena, nenda kwa mwalimu wa malezi na ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Dakika tano za mwanzo

Hapa ndo pa kuweka nguvu zako kuliko popote. Ukianza kipindi na swali gumu ili "kuwachangamsha", unawachangamsha walewale sita wa mbele na wengine wote unawaambia tena kwamba hili sio lao. Anza na kitu ambacho kila mtu ana la kusema, na kiwe kinaingia moja kwa moja kwenye mada, kisiwe hadithi ya pembeni.

Nitaeleza kipindi kimoja. Mada ilikuwa faida na hasara kwa asilimia. Kitabu kina mfano wa mtu anauza redio. Nikaiacha redio nikaandika ubaoni: Mama amenunua ndoo 5 za dagaa wabichi mwaloni, kila ndoo shilingi 14,000. Amelipa wa kuanika 6,000. Nauli ya kupeleka sokoni 4,000. Ameuza dagaa wakavu wote kwa 100,000. Kapata au kala hasara? Sikusema kokotoa, nilisema tu kapata au kala hasara, andika neno moja kwenye daftari.

Wote waliandika, wote kabisa. Tukajumlisha pamoja, 70,000 ya dagaa, na 6,000, na 4,000, jumla 80,000, faida 20,000, na hiyo ni robo ya alichotoa yaani asilimia 25. Nikawa nafuta ubao niendelee, nikasikia sauti ya nyuma kwenye kona, kijana ambaye muhula mzima hakuwahi kufungua mdomo kwenye kipindi changu, anasema "Madam, hujaweka ushuru."

Nikamwambia simama useme vizuri. Akasimama ameshika dawati, akasema dagaa hawatoki mwaloni bila ushuru, na mtu asipouhesabu anafikiri ana faida kumbe anakula mtaji. Nikamuuliza tuweke shilingi ngapi, akasema weka 2,000 yote. Nikampa chaki. Alikuja mbele kwa hatua za mtu asiye na hakika, akafuta 80,000 akaandika 82,000, akafuta 20,000 akaandika 18,000, afu akakwama kwenye asilimia, na hapo sikumuokoa haraka, nikauliza darasa "tunagawa kwa kipi?" wakabishana, wengine wanasema 100,000 wengine 82,000, na ule ubishi ndo ulikuwa mada yenyewe ya siku ile maana faida inapimwa kwa ulichotoa mfukoni. Tukapata karibu asilimia 22. Afu nikaongeza la mwisho: mvua imenyesha dagaa wakiwa kwenye vichanja, wameharibika, wakanunuliwa kwa 60,000 kama chakula cha kuku, hesabu upya. Hakuna aliyelala.

Sasa usichukue dagaa tu ukafikiri ni dawa. Mwalimu wa Buhongwa au Igoma watoto wake wanaijua zaidi bodaboda, pamba au duka la mangi, wa Kwimba wanaijua michembe na matobolwa, viazi vikavu vinapungua uzito kiasi gani, hiyo nayo ni asilimia nzuri kabisa. Ninachosema ni kwamba chagua kitu ambacho mtoto anakijua kuliko wewe, na uache nafasi ya yeye kukusahihisha. Na kama una wasiwasi kwamba heshima yako itashuka mbele ya darasa, nakuhakikishia haishuki.

Tofautisha kutojua na kutoelewa Kiingereza

Watoto wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani wengi ni Kisukuma, Kikerewe au Kijita, afu Januari moja wanaingia kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza. Nusu ya wale tunaowaita hawataki ni watoto ambao hawajaelewa sentensi. Kipimo ni rahisi, mchukue pembeni, muulize swali lilelile kwa Kiswahili. Akijibu, huna tatizo la hesabu hapo.

Ninavyofanya mimi, maneno matano mapya ya siku nayaandika pembeni ya ubao na maana yake kwa Kiswahili na hayafutwi mpaka kengele. Mjadala wa wawili wawili wanafanya kwa lugha yoyote wanayoiweza, mi nataka wafikiri. Wakija kujibu mbele ya darasa nawapa sentensi ya Kiingereza ambayo imeshaanzwa ubaoni, wao wanamalizia tu. Mtoto anayemalizia sentensi leo, baada ya mwezi anaianza mwenyewe. Najua pepa itakuja kwa Kiingereza, ndo maana lazima kwanza akielewe kitu chenyewe.

Na tafadhali, kicheko mtoto anapokosea Kiingereza kizime siku ya kwanza ya muhula, kwa uzito wote. Darasa langu lina sheria moja tu niliyoiandika ukutani kwa herufi kubwa, hatumcheki anayejaribu. Aliyecheka anakaa na aliyechekwa, wanaliandaa jibu pamoja, wanalisoma pamoja.

Namna ya kuuliza

Tuna tabia ya kuuliza swali, kuangalia mikono, kumchagua kipanga, yule mkali wa darasa, kusema "vizuri sana" na kusonga. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi vipindi vingi akakuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujibu wenyewe, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto yanakuwa marefu na wanaokaa kimya wanapungua. Sekunde tatu! Jaribu kesho, uliza swali, afu moyoni hesabu sangara mmoja, sangara wawili, sangara watatu, utaona ilivyo ngumu kwako na ilivyo nzuri kwao.

Taja jina baada ya swali, sio kabla. Ukisema "we Masanja, eleza..." wengine 85 wanapumzika. Ukiuliza, ukanyamaza, ukawaacha waandike jibu, wakaonyeshana na jirani, ndo ukataja jina, huyo unayemtaja ameshapata kitu cha kusema na hata akikosea amekosea na mwenzake.

Kwa darasa kubwa natumia vidole. Naandika majibu manne ubaoni, namba 1 mpaka 4, nahesabu moja mbili tatu, kila mtu anaonyesha vidole kifuani kwake, sio juu, kifuani ili jirani asione. Kwa sekunde tano najua nani yuko wapi na hakuna aliyeaibika. Haina gharama hata ya chaki.

Kazi za makundi pia zina ujanja wake, maana ukiwaweka sita sita kipanga anafanya yote wengine wanapiga stori. Kalamu anashika yule aliye nyuma zaidi kimasomo, kipanga anaruhusiwa kuongea tu, haruhusiwi kushika kalamu. Anayeshika kalamu lazima aelewe ndo aandike, na kipanga anajifunza kueleza, ambayo ni kazi ngumu kuliko kukokotoa.

Na wape kuchagua. Ubaoni naweka maswali sita kutoka rahisi mpaka magumu, nasema fanya matatu unayoyataka. Nilidhani wote watachukua yale rahisi. Siku za kwanza ni kweli, baadaye wanaanza kupanda wenyewe, na swali mtu alilolichagua analipigania tofauti na lile alilolazimishwa. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameandika sana juu ya hili, kwamba mtu anajituma kutoka ndani akijiona anaweza, akijiona ana uamuzi wake, na akijiona ni wa watu hao alionao.

Sifa, zawadi, na fimbo

Sifa ya jumla haisaidii. "Safi sana, una akili" inapendeza sikioni tu, na kuna utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998 ulioonyesha watoto waliosifiwa kwa akili walikuja kuyakwepa maswali magumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi, maana aliyeambiwa ana akili anaogopa kuonekana hana. Sema alichofanya: "leo umeandika hatua zote, ndo maana ulipokosea umejiona mwenyewe." Na kwa mtoto mkimya isemee chini chini pembeni ya dawati lake, wengine kusifiwa mbele ya darasa ni mateso.

Zawadi nazo ziangalie. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake kule Marekani walichukua watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora, baadhi wakaahidiwa cheti wakichora, na wiki moja au mbili baadaye wale walioahidiwa ndo hamu yao ya kuchora kwa hiari ikawa imepungua kuliko ya wengine. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo mambo ya "atakayepata tisa nampa daftari" mi nimeacha. Nikiwa na kalamu za ziada nampa mtu mwisho wa wiki bila kutangaza, namwambia ni kwa sababu gani, basi.

Kuhusu fimbo nitasema wazi kwa sababu nilichapa miaka yangu ya mwanzo na inaniuma mpaka leo. Kwa kanuni zetu za mwaka 2002 viboko havizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, vinaandikwa kitabuni, na ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa swali la hesabu halimo humo. Mtoto aliyechapwa kwa kukosa anajifunza haraka sana kwamba salama iko kwenye kunakili na kukaa kimya, na hao ndo haohao ninaowaongelea tangu mwanzo, wengine tumewatengeneza wenyewe. Na neno "kilaza" ni fimbo pia, tena lile halina hata kitabu cha kuandikwa.

Badala yake ninachotumia ni kumrudishia kazi. Hujafanya zoezi, utalifanya saa nane mchana mimi nikiwa hapo nasahihisha, hauondoki, na ukikwama nipo. Inachosha kwa mwalimu, lakini wiki ya tatu wanapungua.

Kusahihisha kwa macho yao

Madaftari 86 kila siku haiwezekani, tusidanganyane. Mi nasahihisha nikitembea wakati wa zoezi, na naanzia nyuma. Hii ya kuanzia nyuma ni ndogo ila jaribu, maana kwa kawaida tunaanzia mbele, kengele inagonga hatujafika kwao, na mwaka mzima kalamu nyekundu haijawahi kugusa daftari lao kipindi kikiendelea. Nikifika natafuta kitu kimoja kilicho sawa nakiwekea vema, hata kama ni mstari wa kwanza tu, afu naonyesha pale pa kwanza palipopotea, sehemu moja tu, sio pote.

Halafu ile orodha ya wa kwanza mpaka wa 86 ukutani niliiondoa. Badala yake kila mmoja ukurasa wa mwisho wa daftari lake amechora chati ya tesiti zake za kila baada ya wiki mbili, kila tesiti ina alama kumi. Mtoto aliyepata 1, akapata 2, akapata 2, akapata 4, kwenye orodha bado ni wa 79 na hana cha kufurahia, kwenye chati yake mstari unapanda na anauona. Kuna mmoja alikuwa anaifungua hiyo chati anaiangalia hata kipindi cha jiografia, mwenzangu akaja kunishtakia, nikamwambia naomba umuache kidogo.

Piga simu ya habari njema

Mzazi wa mtoto anayesumbua simu ya shule kwake ni kama taarifa ya msiba. Nilimpigia mama mmoja anayeanika dagaa, salamu tu akaniuliza "Amefanya nini tena mwalimu?" Nikamwambia hajafanya baya mama, nimepiga kukwambia leo amefanya swali ubaoni peke yake na amepata. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Afu akasema "Subiri," nikasikia anawaita watu wengine pale kwenye vichanja anawaambia kwa Kisukuma. Kesho yake mtoto alifika kabla ya kengele, ingawa ilikuwa wiki ya giza na dagaa walikuwepo.

Simu mbili kwa wiki zinatosha, dakika mbili mbili. Na siku utakapolazimika kupiga kwa ubaya, utasikilizwa.

Wale wanaoondoka

Katika wale watatu niliosema walibaki kwenye mitumbwi, mmoja alienda visiwani upande wa Ukerewe, akapotea zaidi ya mwaka. Nilimfuatilia kwa watu, nikashindwa. Afu Januari moja akarudi, mrefu, mikono imekomaa kwa kamba, anataka kuendelea. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatisha masomo kurudi, kwa hiyo kama yupo mtoto kama huyo mtaani kwako au binti aliyejifungua, mwambie mlango uko wazi na umsindikize ofisini mwenyewe, maana karatasi peke yake haimshiki mtu mkono.

Akirudi, wiki ya kwanza usimuulize mbele ya wenzake alikuwa wapi. Mkalishe pembeni ya mtu mpole, sio kipanga. Usimpe madaftari yote ya mwaka uliopita anakili, atakata tamaa Jumanne. Chagua mada tatu tu ambazo hizi za sasa zinasimama juu yake, kwa hesabu mi nilichagua sehemu, namba hasi na milinganyo rahisi, ukutane naye mara mbili kwa wiki baada ya masomo, nusu saa. Na siku ya kwanza ile, kabla kengele haijagonga, hakikisha amefanya swali moja kwa mkono wake na amepata. Wa kwangu nilimuuliza mafuta ya injini ya mtumbwi, lita 20 zikitumika robo tatu zinabaki ngapi, akasema tano kabla sijamaliza kuandika, nikamwambia haya, sasa tuiandike hivyo ulivyoifikiria.